Kengele ya Ghala la Sufi

"Andika wametoka," Bwana Alawi alisema.

"Hawakutoka."

"Sasa hawa walio barabarani ni nani? Majini?"

"Wametoka mwishoni, Ami. Kwanza waliingia ndani. Kengele ya moto inalia, wanawake wote wa ghala wanakimbilia ndani kabisa. Wanaufuata moto."

"Moto upi? Mimi hapa sioni moto. Naona mwanamke na kalamu yake."

Wachukuzi walioegemea mkokoteni wakacheka. Mmoja akakohoa ili nisijue kwamba alikuwa akicheka.

Nilikuwa nimesimama kwenye daka la ghala, ule ukumbi mdogo unaouingia ukivuka tu mlango wa barabarani, mwongozo kwapani, kalamu sikioni na nyundo mkononi. Nyundo hiyo ndiyo niliyoipigia kipande cha reli kilichotundikwa pale kuwa kengele. Jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, na upepo ukiingia mlangoni unazoa manyoya ya sufi na kuyabandika puani, kwenye nyusi, kwenye midomo. Bwana Alawi, msimamizi wa ghala, alikuwa amevaa koti jeusi juu ya kanzu katika joto hilo hilo, na wala hakuonekana kusumbuka.

"Soma tena hiyo hatua," akaniambia. "Labda hukuisoma vizuri."

Nikaisoma kwa sauti ili na wachukuzi wasikie. "Hatua ya saba. Kengele ikilia, kila mfanyakazi ataacha kazi mara moja na kutoka kwa mlango wa mbele, bila kuchukua kitu chochote."

"Ndiyo. Na wametoka."

"Na walichokichukua?"

"Mabuibui yao! Ulitaka watoke uchi? Binti Sadallah, wewe ni mtoto wa Bagamoyo au umeletwa na meli?"

Kazi yangu ni rahisi kuieleza na ngumu kupendwa. Makao makuu ya Shirika letu, Dar es Salaam, walikuwa wametunga mwongozo mpya wa maghala. Wenzangu waliutunga wamekaa, mimi nikatumwa kuujaribu nimesimama. Nafika ghalani, nasoma hatua, nawaambia watu waifanye kama ilivyoandikwa, natazama, kisha naandika kwenye fomu kama imefuatwa au haikufuatwa, na kwa nini. Chuo kilinipa stashahada ya kuandika taratibu. Kuzijaribu nilifundishwa na wanangu. Mwambie mtoto anawe mikono kabla ya kula, halafu nenda kautazame mtungi kama una maji.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Magunia ya sufi kutoka Kiwangwa yalipokelewa na kupimwa kama ilivyoandikwa. Ndoo za mchanga zilikuwapo, ila moja ilijaa vipisi vya sigara na nyingine kuku wa jirani alikuwa ameitagia. Niliyaandika yote mawili. Bwana Alawi mwenyewe alicheka, akayatoa mayai na kumpelekea mwenye kuku. Tulikuwa tunapatana. Namwita Ami kwa sababu yeye na marehemu baba yangu walikuwa wakisali safu moja, na kila nikija Bagamoyo huniitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu na dua juu yake.

Tukafika hatua ya saba.

Nyumba ile ni ya mawe, ya zamani, kuta zake nene na mlango wake mmoja. Nyuma imeshikana na nyumba ya jirani. Ukitoka barabarani unaingia dakani, ukitoka dakani unaingia ukumbi mrefu ambamo wanawake hukaa chini na kuchambua sufi, wakitoa mbegu na vikonyo, na mwisho kabisa wa ukumbi kuna chumba cha ndani kisicho na hata dirisha. Humo ndimo wanamotundika mabuibui yao. Sababu anaijua yeyote aliyewahi kujaza godoro. Buibui jeusi likikaa saa moja karibu na sufi linatoka kama paka mweupe. Basi wakifika asubuhi huyavua, wakayatundika kwenye ubao wa misumari kule ndani, wakakaa kazini na kanga kuukuu kifuani na nyingine kiunoni.

Nilipogonga reli waliinuka wote kwa pamoja. Kwa kuinuka niliwasifu moyoni. Kisha wakageuka wakanipa mgongo na kukimbilia chumba cha ndani. Mlango wa chumba hicho hauwezi kupitisha watu wawili wanene. Wakasukumana, wakavutana, buibui la huyu likashikwa na yule, mmoja wao, Mize, akapiga kelele kwamba amekanyagwa. Wa kwanza alipotokea barabarani, sauti ya kengele ilikuwa imekwisha kusahaulika. Wa mwisho alitoka anachechemea, ameshika ukuta, kwa sababu goti lake la kulia halikunji vizuri na kwa sababu buibui lake lilikuwa chini ya mabuibui ya wenzake wote.

Wa mwisho huyo alikuwa mama yangu.

"Ami," nikamwambia, "mama yangu angekuwa amekufa."

"Mwaija yuko hapo anakutazama."

Kweli alikuwa ananitazama. Bibi Mwaija binti Msabaha, amesimama juani na buibui lake likiwa limekaa upande, uso hauonyeshi kitu. Tangu baba afariki nimemsihi aje kwangu Magomeni. Hataki. Anasema Dar es Salaam hakuna anayemjua binti wa nani. Anachambua sufi kila msimu na wenzake aliokua nao, wanasemana, wanaimbiana, wanaozesha watoto wa watu waliokwisha kuachana. Ukimtoa pale umemtoa duniani.

"Andika imefuatwa," Bwana Alawi akasema kwa sauti ya chini, ya upole sasa. "Ukiandika vingine unajua kitakachotokea. Mimi nimeusoma mwongozo wako mpaka mwisho."

Nilijua. Katika sehemu nyingine zote kosa linaandikwa na kazi inaendelea. Sehemu ya moto haina huruma: hatua ikishindikana, ghala linafungwa hadi kamati ije kulikagua. Kamati ya Shirika letu naijua. Ikijitahidi sana itafika misufi imekwisha kupukutika.

Mize alikuwa amesogea, na masikio ya Mize hayahitaji kualikwa. "Ghala linafungwa?" akauliza. "Nani kasema? Wewe Mardhiya ndiye unayetufungia ghala?"

"Sijafunga kitu, dada Mize."

"Bi Mwaija, umesikia? Mwanao kaja na basi la asubuhi kutufukuza kazi. Ungezaa mzigo wa kuni ungekufaa zaidi."

"Nimesikia," mama akasema.

"Mnajua sufi inavyowaka?" nikawauliza. Nilikuwa nimeanza kupoteza subira, na nikipoteza subira mikono yangu hutafuta kazi. Nikaingia ukumbini nikachota sufi kiasi cha kushikika mkononi. Nikaibeba hadi nyuma ya ukuta wa jirani, ambako upepo haufiki, nikaiweka ndani ya ndoo ya mchanga. Wote wakanifuata. Nikamwomba mchukuzi mmoja kiberiti.

"Tazameni."

Haikuwaka kama kuni zinavyowaka. Ilikuwapo, kisha haikuwapo. Hata njiti sikuwahi kuizima. Mchanga ukabaki na doa jeusi dogo kama alama ya kidole.

Bwana Alawi akapangusa paji la uso kwa mkono wa koti.

"Sasa magunia yaliyomo humo," nikasema. "Na mlango ni mmoja."

"Moto mbaya huo," mama akasema.

"Basi utatoka, mama? Kengele ikilia utatoka?"

"Nitatoka."

"Alhamdulillahi."

"Nikishachukua buibui langu."

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikafanya la tatu: nikapiga kelele. "Utakufa!"

"Basi nitakufa nimesitirika."

"Utakufa umeungua, mama! Hakuna sitara katika kuungua!"

"Usinipigie kelele mbele za watu. Nilikuzaa kwa uchungu, sikukuzaa kwa kengele."

Wachukuzi safari hii walicheka bila kukohoa.

Nikawarudisha ndani. Nikawaambia tujaribu tena, na safari hii nikawaeleza kama ninavyowaeleza wanangu, neno kwa neno: asiende mtu chumba cha ndani, asichukue mtu buibui, kila mmoja ainuke aje mlangoni moja kwa moja. Wakavua mabuibui wakayatundika. Wakakaa. Nikasimama dakani, nikapiga reli kwa nguvu zangu zote.

Hakuna aliyetoka.

Sikuamini. Nikapiga tena. Walikuwa wamekaa pale pale, mikono imejaa sufi, wananitazama kama watu wanaomtazama fundi saa akipigana na saa. Kutoka walipokaa walikuwa wanaona moja kwa moja, kupitia dakani, hadi ng'ambo ya barabara ambako wanaume hukaa kunywa kahawa na kungojea la kusema. Mara ya kwanza walikimbilia kusikostahili. Mara ya pili, kwa maelekezo yangu mazuri, hawakukimbia kabisa. Nilikuwa nimeifanya hatua ya saba kuwa mbaya zaidi.

"Dada Mize," nikasema, "inuka wewe wenzako wakufuate."

Mize akaweka sufi chini taratibu. "Sawa, Ndugu Mkaguzi. Lakini tangulia wewe. Vua hilo gauni lako la maua, na kitambaa cha kichwani, utoke barabarani na shimizi. Wale pale wakuone vizuri. Ukirudi, nami natoka."

Ukumbi mzima ukapiga kigelegele.

Nilifungua mdomo kumjibu. Mimi sikosi jibu, mume wangu atakuambia. Lakini nilijiona nimesimama barabarani na shimizi, mbele ya wanywa kahawa walionijua tangu nikienda chuo cha Kurani na mkoba wa majani, na nikajua ningefanya nini moto ukitokea. Ningelifuata gauni langu. Ningelifuata hata likiwa chumba cha ndani, hata moshi ukiwa darini, nikijiambia nitawahi. Aliyeandika "bila kuchukua kitu chochote" alikuwa mwanamume, na siku alipoandika alikuwa amevaa suruali.

Basi la Dar es Salaam lilikuwa linajaza abiria sokoni. Wanangu nilikuwa nimewaacha kwa jirani yangu Dija, na Dija ana watoto wake. Ningeweza kuandika neno moja, nikapanda, nikafika kabla ya magharibi. Nilitembea kutoka dakani hadi ukumbini na kurudi. Nikatembea tena. Siwezi kufikiri nimekaa.

"Utaota mizizi hapo," Bwana Alawi akasema. Alikuwa amerudi mezani kwake. Meza yake iko pale pale dakani, ubavuni mwa mlango, na mizani kando yake, na kiti chake kimeegemezwa ukutani penye upepo. Akavua koti, akainua mkono bila kugeuka, akalitundika kwenye msumari nyuma ya kichwa chake.

Nikasimama.

"Ami. Koti hilo ulilivaa lini?"

"Koti gani?"

"Hilo. Nilipofika asubuhi lilikuwa msumarini. Tulipokuwa barabarani ulikuwa umelivaa."

"Kengele ilipolia nililichukua. Nitoke barabarani na kanzu tupu, mimi msimamizi?"

"Mwongozo unasema usichukue kitu."

"Lilikuwa karibu, mwanangu! Nilinyoosha mkono tu. Halikunichelewesha hata kidogo, nilikuwa wa kwanza kufika nje."

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa wa kwanza."

Alinitazama, akaitazama meza, akautazama ule msumari. Si mtu mjinga. "Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Umesema. Hapana. Daka hili alikaa babu yangu. Nyumba hii ilikuwa yetu kabla haijawa ya Shirika, na hata ilipokuwa ya Shirika niliomba jambo moja tu, nikae hapa. Wageni wote wa Bagamoyo walipokelewa hapa. Daka ni la wanaume. Wanawake ni ndani. Hata wewe, kwenu, baba yako alikaa wapi?"

"Dakani."

"Haya."

"Babu yako aliweka nini humo ndani, Ami?"

"Nguo. Vyombo vya China. Mazulia."

"Hakuweka sufi."

Akaisogeza mizani kidogo, akairudisha.

"Meza itatoka nje, barazani," nikasema. "Pana kipenu, mvua haikufikii. Upepo ni huo huo, na zaidi. Mizani ikae nawe, wachukuzi wapimie huko huko wala wasiingie ndani. Daka likitokwa na wanaume, tunaweka pazia mlangoni, ubao wa mabuibui unakuja hapa. Sufi haifiki hapa ukiufunga mlango wa ukumbi."

"Mlango wa ukumbi haujafungwa tangu alipokufa babu."

"Bawaba zinapakwa mafuta."

"Na mimi nikae barabarani kama muuza maandazi?"

"Utakaa barazani kama mwenye nyumba."

"Mardhiya." Sasa hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi. "Mwongozo wako haukusema mkaguzi ahamishe meza za watu. Umesema ajaribu, aandike. Andika uende zako. Ukiandika imefuatwa, mama yako kesho yuko kazini. Ukiandika vingine, yuko nyumbani anahesabu boriti za dari. Chagua."

Nikaifungua fomu juu ya meza yake. Nikaandika mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa: Hatua ya saba haikufuatwa. Imejaribiwa mara mbili. Mara ya kwanza wafanyakazi walikimbilia chumba cha ndani kuchukua mavazi ya stara. Mara ya pili walikataa kutoka bila hayo. Kosa ni la hatua, si la wafanyakazi.

Akasoma kichwa chini miguu juu, toka upande wake. "Umemfungia mama yako," akasema.

"Bado sijatia sahihi. Pana nafasi chini hapa."

Honi ya basi ikalia sokoni, ndefu, ile ya mwisho. Nikaisikia injini ikipandisha kilima kidogo cha kutoka mjini, ikabadilisha gia, ikapotea. Dija angenitukana, na angekuwa na haki. Mwongozo haukusema mkaguzi arekebishe. Haukusema asirekebishe vilevile, na makao makuu wakiniuliza watanikuta nipo.

Nikaitia fomu ndani ya mwongozo, nikautia kwapani, nikaikamata nyundo. Nyuma yake ina makucha ya kung'olea misumari. Nikapita katikati ya wanawake, nikaingia chumba cha ndani. Kulikuwa na giza na harufu ya udi wa watu wengi. Nikakusanya mabuibui yote mikononi, nikampa Mize bila kumwuliza.

"Wapeleka wapi?" akauliza.

"Shika tu."

Ubao ulikuwa umegongomewa na mtu asiyetaka uondoke. Msumari wa kwanza ulilia kama mbuzi. Wa pili ukang'oka na kipande cha chokaa, kikanimwagikia kichwani. Nilipofika wa mwisho nilihisi uzito wa ubao umepungua upande mmoja. Mama alikuwa ameshika ncha ya pili.

"Goti lako, mama."

"Goti halishiki ubao. Ng'oa."

Tukautoa ukumbini, yeye mbele anachechemea, mimi nyuma, na wenzake wakainuka mmoja mmoja kutupisha. Tulipofika dakani Bwana Alawi alikuwa bado amekaa, viganja vyote viwili juu ya meza.

"Shemeji Alawi," mama akasema. "Ubao mzito."

"Naona, Bi Mwaija."

"Marehemu Sadallah angekuwa hapa angekwisha kuinuka."

Sijui ni lipi lililomwinua, marehemu au ubao. Akafunga kitabu chake cha mizani, akakitia mfukoni mwa kanzu, akabeba kiti chake mwenyewe, akatoka nacho. Hakunitazama. Nikawaita wachukuzi wakaichukua meza, kisha mizani. Nikagongomea ubao ukutani pale pale ilipokuwa meza, chini kidogo kuliko ulivyokuwa kwanza, ili mama asinyooke sana. Mize akayatundika mabuibui, akihakikisha hakuna lililolala juu ya mwenzake, na la mama akaliweka msumari wa karibu kabisa na mlango. Kanga mbili zikaunganishwa kwa pini, zikawa pazia la barabarani. Mlango wa ukumbi ulihitaji mabega manne na laana moja ya Mize kabla haujakubali kusogea. Tukauacha wazi kidogo kwa upepo.

"Kaeni," nikawaambia. "Shikeni sufi kabisa, msinifanyie mchezo."

Wakakaa. Nikasimama kando ya pazia, nikainua nyundo, nikagonga reli.

Waliinuka na wakaja. Wote, wakinielekea mimi, kanga zinapepea, sufi inawadondoka magotini. Mkono unanyooka, buibui linatoka msumarini, linapita kichwani huku mguu umekwisha kuvuka kizingiti. Hakuna aliyesukumwa. Hakuna aliyerudi. Mama hakuwa wa kwanza, ila wa mwisho hakuwa, na aliposhika pazia kulisogeza alimkuta Bwana Alawi amekaa na kiti chake katikati ya njia, kahawa mkononi, bado hajaamua aiweke wapi meza yake.

"Sogea, shemeji," mama akamwambia, akimpiga begani kwa ncha ya buibui. "Kuna moto."

Akasogea. Nikaiweka fomu ukutani, nikaandika katika ile nafasi ya chini: Mavazi ya stara yamehamishiwa mlangoni. Imejaribiwa mara ya tatu, wote wametoka; ghala liendelee na kazi. Nikatia sahihi.